Mdomo wa Kasuku Una Kosa Gani?

Kasuku akitafuna mguu wa kiti, mkosaji ni nani? Nimeuliza hivyo barazani Kibokoni, na jibu huja mbio: ndege hana adabu, afunzwe. Mimi naona tumeruka hatua.

Shangazi yangu ana kasuku wa kijivu, zawadi ya marehemu mumewe aliyekuwa baharia. Nyumba ni zile za Mji wa Kale: dari ya boriti, mlango wa nakshi, na kiti cha enzi cha kurithi. Kwa shangazi, kiti hicho ni ukoo. Kwa kasuku ni mbao. Amekitafuna, akahamia ukingo wa mkeka wa ukindu, akakata waya wa chaja, na rimoti haina tena kitufe cha sauti.

Shauri la kwanza la mtaa lilikuwa pilipili. Kiti kikapakwa, kasuku akaendelea kana kwamba hakuna kitu. Kumbe ndege hawausikii ukali wa pilipili kama sisi. Porini ndio wanaozila na kusambaza mbegu zake. Shauri la pili likawa kumpigia kelele. Akajifunza kelele. Sasa akitafuna hujikemea mwenyewe kwa sauti ya shangazi, "Wacha!", kisha anaendelea na kazi.

Tunacheka, lakini hapo ndipo swali linapokaza. Si kwamba hana akili. Marekani, Irene Pepperberg alimsomesha kasuku wa kijivu aitwaye Alex tangu 1977 hadi ndege huyo alipokufa 2007, na Alex aliweza kutaja rangi, maumbo na idadi ya vitu hadi sita. Tatizo ni kwamba tunachomkataza ndicho alichoumbiwa. Mdomo wake hauachi kukua, na kutafuna kunaupunguza. Msituni huvunjia njugu na kupanulia tundu la kiota. Ukimwambia asitafune kabisa, unamwambia asiwe na mdomo.

Tena hakuja kwetu kwa hiari. Kwao ni misitu ya Afrika Magharibi na Kati. Walitegwa na kuuzwa kwa wingi mpaka 2016, nchi za mkataba wa CITES zikakutana Johannesburg na kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wa porini. Hapa Kenya anayemfuga anatakiwa awe na kibali cha KWS. Sawa. Lakini kibali kinasema nani anaruhusiwa kumfuga. Hakisemi anadaiwa nini na ndege anayeweza kuishi miaka 40 na zaidi ndani ya sebule ya mtu. Na usiniambie amwachilie tu: aliyezoea kulishwa mkononi hatadumu juu ya paa za mabati za Mombasa.

Jibu langu ni hili. Kumkataza una haki. Kiti kina mwenyewe, waya wa umeme unaweza kumuua, na rangi kuukuu ya dirisha huenda ina madini ya risasi, ambayo ni sumu kwake. Ila kila katazo lina deni lake. Ukimnyima kiti, mpe kifuu.

Kwa shangazi sasa kuna makumbi ya nazi yanayoning'inia, vifuu vilivyofichwa njugu ndani, na tagaa la mwembe. Waya zimepita nyuma ya kabati. Akigusa kiti hakuna kelele: anabebwa kimya hadi kwenye kifuu, na akianza kukitafuna ndipo anaposifiwa. Kiti kinapona, ingawa si kila siku.

Na hili halimhusu ndege peke yake. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokwisha, na tangu hapo nimesikia "wacha" za kila aina: wacha maskani, wacha miraa, wacha simu. Nyingine ni za kweli kabisa. Lakini wanaozisema huja mikono mitupu, kisha wanashangaa tukizirudia neno kwa neno huku tukiendelea kutafuna.