Ndama Akifa kwa Kuhara, ni Amri ya Nani?

Ndama akifa kwa kuhara, neno linalotangulia zizini ni kwamba hiyo ni amri ya Mungu. Kama pole, sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni pale linapogeuzwa kuwa maelezo, kwa sababu hapo linafunga kesi kabla shahidi hata mmoja hajasikilizwa. Na mashahidi wapo. Anayeharisha maji ya manjano katika siku tatu au nne za mwanzo wa uhai wake, mshukiwa mkuu ni bakteria E. koli, wa aina inayonata kwenye utumbo mchanga. Wiki ya kwanza ikielekea kwisha huingia virusi vya rota na vya korona (si ile iliyotufungia ndani mwaka 2020), pamoja na kriptosporidiamu, kijidudu chenye ganda lisilojali klorini. Salmonela huja na homa, pengine na damu. Koksidia husubiri hadi wiki ya tatu au zaidi. Mara nyingi hushambulia wawili watatu kwa pamoja.

Lakini vimelea hao hao hupatikana pia kwenye kinyesi cha ndama wazima wanaorukaruka. Basi mdudu peke yake si sababu kamili, na hapa ndipo swali la daktari wa mifugo linapokuwa swali la mwanafalsafa. Kondo la nyuma la ng'ombe halipitishi kingamwili, kwa hiyo ndama huzaliwa bila kinga ya kutosha na huipata kwa kunywa dang'a. Utumbo wake hupokea kinga hiyo kwa muda mfupi tu: uwezo huo huanza kupungua saa chache baada ya kuzaliwa, na baada ya saa 24 umekwisha. Aliyenyweshwa lita tatu hivi ndani ya saa sita za mwanzo, na aliyeachwa ahangaike na chuchu zilizojaa matope hadi kesho yake, wanaweza kukutana na mdudu mmoja wakapata hatima mbili. Katikati ya hatima hizo pana mkono wa mtu.

Wapo watakaosema kwamba kuhesabu sababu namna hii ni kiburi cha elimu, kumpokonya Mungu kilicho chake. Jibu lilikwishatolewa zamani, tena kwa mfano wa mifugo. Khalifa Umar alipoelekea Sham akapata habari za tauni, aliamua kurudi. Swahaba mwenzake Abu Ubaida akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akajibu kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu, akamtolea mfano wa mwenye ngamia aliyefika bonde lenye upande wa majani na upande mkavu: popote atakapolisha, atakuwa amelisha kwa kadari. Kwa mantiki hiyo, dang'a ni kadari kama ilivyo E. koli. Anayeiona kadari kwenye ugonjwa tu, asiione kwenye dawa, ameigawa nusu na kushika ile isiyomdai kazi.

Pingamizi zito zaidi ni la haki. Wapo waliotimiza yote na ndama bado akafa, na wapo wasio na nauli ya kumfikia afisa mifugo. Je, tuwalaumu? Hapana; lawama hupimwa kwa uwezo. Ila uwezo wenyewe ni mpana kuliko tunavyokiri. Kinachomuua ndama kwa kawaida ni kupungukiwa na maji na chumvi: macho hudidimia, na ngozi ya shingo ukiifinya hukawia kurudi. Maji safi ya uvuguvugu yenye chumvi na glukosi kwa kipimo sahihi, akinyweshwa mapema bila kunyimwa maziwa, huwaokoa wengi ambao antibayotiki isingewafaa kitu, kwa kuwa haiui virusi. Tena wajibu hauishi mzoga ukishafukiwa. Kinyesi kilichobaki bandani kinamngoja ndama atakayezaliwa wiki ijayo, na kriptosporidiamu na salmonela hawabagui: mtoto anayetumwa kushika ndoo ya kunyweshea, asiponawa mikono kwa sabuni, naye anaweza kuharishwa na wadudu wale wale.