Ndege Juu ya Mkanda, na Adabu ya Kujadiliana

Miongoni mwa masuala ambayo watu hupenda kuyajadili bila ya kutaraji faida wala kuogopa hasara, liko moja ambalo kwa muda wa miaka ishirini hivi limezunguka nchi nyingi, nalo ni hili: ikiwa ndege imewekwa juu ya mkanda mpana, mrefu kama njia ya kurukia, na mkanda huo ukawa unarudi nyuma kwa kasi ileile ambayo ndege inakwendea mbele, je, ndege itaruka au itabaki palepale? Mwenye kulisikia mara ya kwanza hulijibu papo hapo, na aliyeketi ubavuni mwake hulijibu kinyume papo hapo vilevile, na kila mmoja akamwona mwenziwe kuwa amepungukiwa na akili. Kwa mwenye kutafakari, lililo gumu hapa ni kujua kwa nini watu wawili wenye akili timamu, wanaopendana na wasiogombea mali yoyote, hushindwa kukubaliana juu ya jambo ambalo jibu lake ni moja.

Katika Bunia, mji wa Ituri mashariki mwa Kongo, suala hili lina wenyewe, kwa kuwa mtu wa Ituri mwenye haja ya kwenda Kinshasa hana njia ya salama isipokuwa kupanda ndege katika kiwanja cha Murongo, na hata watoto wa mtaani huzijua ndege kwa mingurumo yake. Nililisikia likijadiliwa barazani kwa fundi wa pikipiki, baina ya fundi mwenyewe, mwalimu wa fizikia na pasta aliyekuja kutengenezewa breki. Fundi hakutaka maneno mengi. Aliisimamisha pikipiki kwa stendi ya kati, gurudumu la nyuma likaelea, akawasha injini na kukaza mafuta hata mnyororo ukarusha matone ya oili ukutani, kisha akasema, “Angalia, mwalimu: mupira iko nazunguka, lakini moto haiende fasi yoyote. Na ndege ni vilevile.”

Mwalimu hakumpinga. Alikiri kwamba pikipiki ikiwekwa juu ya mkanda huo itabaki palepale kweli, kwa sababu injini yake hulizungusha gurudumu, na gurudumu ndilo linaloisukuma ardhi. Halafu akauliza, “Fundi, ndege ya pale Murongo, injini yake inazungusha nini?” Fundi alinyamaza kitambo, akazima pikipiki, akasema, “Panga la mbele.” Hapo pasta, aliyekuwa akisikiliza tu, akataka suala lisomwe upya tangu mwanzo, kwani alikuwa hajaelewa ni kasi ya kitu gani inayolinganishwa na kasi ya mkanda.

Maneno ya watu hao watatu yalitosha kulifungua fumbo. Rafadha ya ndege, yaani panga hilo la mbele, huisukuma hewa nyuma, na hewa ikaisukuma ndege mbele. Magurudumu yake hayaendeshwi na chochote, kazi yake ni kubeba uzito na kuzunguka kwa uhuru. Mkanda ukirudi nyuma kwa kilomita 100 kwa saa, na ndege ikaenda mbele kwa kilomita 100 kwa saa, magurudumu yatazunguka kama kwamba ndege inakwenda 200, msuguano utaongezeka kidogo, na ndege itaruka. Rubani wa Bunia hahitaji kuambiwa kwamba shughuli yake ni ya hewa, kwa kuwa mji uko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,200, na hewa ya huko, hasa jua la adhuhuri likiwa kali, ni nyepesi, hata ndege ileile yenye mzigo uleule huhitaji kukimbia masafa marefu zaidi kuliko ingalivyohitaji pwani. Na Marekani, mwaka 2008, kipindi cha televisheni cha MythBusters kililipeleka suala hilo uwanjani: turubai refu likavutwa na gari upande mmoja, na ndege ndogo iliyokuwa juu yake ikakimbia upande wa pili. Rubani mwenyewe alitaraji kubaki palepale, akaruka.

Twende basi kwenye kosa la fundi, maana ndilo lenye mafunzo. Yote aliyoyasema juu ya pikipiki yalikuwa kweli, na aliyajua kwa mikono yake kuliko mwalimu. Alipoteleza ni pale alipoichukua hukumu ya pikipiki akaivika ndege, kwa kuwa vyote viwili vina injini na magurudumu. Maulamaa wa usuli wa fikihi, yaani misingi ya sheria ya Kiislamu, walilichungua jambo hili kwa makini karne nyingi zilizopita, waliposema kwamba kiyasi, yaani kulipa jambo hukumu ya jambo jingine linalofanana nalo, hakisihi mpaka sababu ya hukumu ipatikane katika mambo yote mawili. Mvinyo umeharimishwa kwa kulevya kwake, basi kila kilevi hufuata hukumu hiyo. Lakini mwenye kudhani kwamba umeharimishwa kwa wekundu wake atawaharimishia watu maji ya ukwaju na kuwahalalishia pombe nyeupe. Kufanana kwa sura hakutoshi. Na mabishano mengi ya marafiki hayawi baina ya mjuzi na mjinga. Huwa baina ya elimu mbili, ambazo mojawapo ni sahihi mahali pake na imebebwa ikapitishwa mpaka wake.

Kwa hiyo adabu ya kujadiliana ina hatua mbili kabla ya kukanusha. Ya kwanza ni ile ya pasta, kuhakikisha kwamba wote wanajibu suala moja, kwani wako waliolielewa fumbo hili kuwa ndege imezuiwa isisogee hata shubiri, na kwa sharti hilo wanasema kweli kwamba haitaruka. Ya pili ni ile ya mwalimu, kumwuliza mwenzio rai yake inasihi wapi, kabla ya kumwambia kwamba haisihi. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipotaja katika kitabu chake cha Ihya masharti ya munadhara, yaani mjadala, alimtaka mwenye kujadili awe kama mtu anayetafuta mnyama aliyempotea, asiyejali kama ataonekana kwa mkono wake au kwa mkono wa msaidizi wake. Mwenye moyo huo hashindwi, hata akibadili rai yake mbele ya watu.

Wala mtu asidhani kwamba haya ni maneno ya baraza tu. Katika mji huuhuu wa Bunia, baina ya 1999 na 2003, watu waliuawa kwa kiyasi kibovu kuliko cha fundi: fulani alitudhulumu, na fulani ni wa kabila lile, basi kila wa kabila lile ametudhulumu. Mhema akahukumiwa kwa tendo la Mhema mwingine, na Mlendu kwa tendo la Mlendu mwingine, hata ikabidi askari wa Umoja wa Ulaya, wakiongozwa na Ufaransa, wateremke katika kiwanja hichohicho cha Murongo mwezi wa Juni 2003 ili kuuzuia mji usimalizike. Vita vile vilikuwa na sababu nyingi, za ardhi, za dhahabu na za siasa, wala simdai mtu aamini kwamba mantiki peke yake ingalivizuia. Lakini hakuna aliyeweza kumchinja jirani asiyemkosea mpaka kwanza awe amekubali hukumu isiyo na sababu yake.

Basi mabishano ya ndege na mkanda yasidharauliwe, wala vijana wasikatazwe kupotezea alasiri zao humo. Ni mazoezi ya bei nafuu, ambayo kosa lake halimdhuru mtu. Na wewe msomaji, siku utakaposikia hukumu ikitolewa juu ya watu kwa kuwa wanafanana na wengine, uliza kwanza kama sababu ya hukumu ile imo ndani yao; ukiona haimo, usiifuate, hata kama anayeitoa ni rafiki yako.