Nani Abebe Begi la Kamera?

Kagongwa inajulikana kwa mchele. Katika mji huu wa barabarani, kati ya Isaka na Kahama, mashine za kukoboa mpunga hunguruma msimu mzima, na vijana wa kupakia hupanda ubao wa lori na gunia begani, mmoja nyuma ya mwenzake. Hapo neno lumbesa halihitaji kufafanuliwa. Ni gunia lililojazwa kupita kipimo, likaongezewa kilemba juu, likashonwa. Wakala wa Vipimo hulipiga vita kwa sababu linampunja mkulima. Kijana wa kupakia ana kilio chake pia: akilipwa kwa gunia, kilo za ziada zinalala begani mwake bure.

Mpiga picha anayeshuka stendi ya Kagongwa huweza kuwa na lumbesa yake mgongoni. Kamera mbili, lenzi nne, tripodi, kompyuta, chaja, na begi lenyewe ambalo hata likiwa tupu hufika kilo mbili. Lenzi moja tu ya kuvuta mbali huweza kupita kilo. Kila kitu kimeingia kwa hoja moja: huenda kikahitajika. Hapo ndipo uchaguzi wa begi unapoacha kuwa suala la zipu na mikanda tu. Anayejiandaa kwa kila linaloweza kutokea ana busara, au amekosa imani?

Maandiko yamelijadili swali hili, na hayakulijibu kwa upande mmoja. Katika Injili ya Marko, sura ya 6, Yesu anawatuma wanafunzi wake bila mkate, bila mkoba, bila fedha mshipini. Fimbo tu. Luka, sura ya 22, anaonyesha upande wa pili: usiku wa kuamkia mateso yake, Yesu anawauliza kama walipungukiwa na kitu walipotumwa mikono mitupu. Wanasema hapana. Kisha anawaambia kwamba sasa mwenye mkoba auchukue. Waliotumwa ni wale wale, ila safari imebadilika, na mzigo umebadilika nayo.

Qurani nayo, katika Surat al-Baqara aya ya 197, inawaamuru mahujaji wachukue masurufu, kisha inasema masurufu bora ni uchamungu. Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, katika mapokezi yaliyomo kwenye Sahih al-Bukhari, anaeleza kisa cha aya hiyo. Watu wa Yemen walikuwa wakienda Hija bila chakula, wakijiita wenye kumtegemea Mungu. Walipofika Makka waliombaomba. Kisa hiki kinastahili kutafakariwa polepole, kwa sababu kosa lao halikuwa wepesi wa mfuko. Walichokiacha nyumbani kiligeuka kuwa mzigo wa wenyeji waliowapokea, nao wakauita huo tawakali.

Na anayebeba kupita kiasi? Naye hutafuta bega la mtu mwingine.

Unyamwezi, nchi ilipo Kagongwa, inalijua hilo kuliko nchi nyingi. Katika karne ya 19 misafara kati ya pwani na bara ilienda kwa mabega ya wapagazi, na Wanyamwezi ndio waliosifika zaidi kwa kazi hiyo. Mzigo wa kawaida ulikaribia frasila mbili, yaani kilo 30 na zaidi, mbali na mkeka wa mpagazi na chakula chake. Kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, alitangulia, wengine wakafuata kwa majuma na miezi. Si haki kuisimulia kazi hiyo kama aibu. Kijana wa Kinyamwezi aliyefika pwani na kurudi alihesabiwa kuwa mwanamume kamili, na alijua thamani ya bega lake: alipozidishiwa mzigo aligoma, au aliutua na kutoroka. Kumbebea mtu kwa ujira mliopatana ni kazi ya heshima. Dhuluma huanza pale mzigo unapozidi patano, kama lile gunia lenye kilemba.

Kamera ilikaribia kuingia nchi hii katika msafara kama huo. Mwaka 1860 John Hanning Speke na James Augustus Grant waliondoka Zanzibar kuelekea chanzo cha Nile, na kupiga picha ilikuwa kazi ya Grant. Alipiga picha Zanzibar. Lakini Speke ameandika kwamba baada ya muda aliirudisha mitambo ile, akiona kazi yake ni nzito mno kwa hali ya hewa ya huku, na Grant akageukia kuchora kwa rangi za maji. Mwaka uliofuata Grant alikaa miezi kadhaa Ukune, upande huu huu wa Unyamwezi, na daftari la michoro. Sehemu kubwa ya picha za kitabu cha Speke zilitokana na michoro yake. Msafara huo haukukosa wa kubeba masanduku, na bado kifaa kilirudi na kazi ikafanyika.

Kwa matembezi ya kutwa kutoka Kagongwa, basi, begi la lita 15 hadi 20 linatosha: kamera moja, lenzi mbili, betri ya akiba, kitambaa, maji katika mfuko wake wa pembeni. Zipu ikigusana na mgongo, hakuna atakayeifungua kwenye msongamano. Mkanda wa kifuani hulituliza begi juu ya bodaboda. Ndani ya kosta begi hukaa mapajani, na begi kubwa huyala mapaja ya jirani. Katika barabara za vumbi za kuelekea machimboni lenzi haibadilishwi ovyo, maana vumbi hutua ndani ya kamera, kwa hiyo hizo lenzi nne zingelala begini kutwa nzima. Mvua inahitaji begi lenye koti lake. Mfuko wa rambo si wa kutegemea, kwani mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019.

Safari ndefu huongeza sharti la ndege. Betri za akiba za lithiamu husafiri na abiria, si kwenye mizigo ya chini, na ndege ndogo za kwenda mbugani mara nyingi hazipokei zaidi ya kilo 15 au 20 kwa mtu.

Lenzi fupi ina faida ambayo mizani haionyeshi. Yenye kuvuta mbali humchukua mtu picha akiwa ng'ambo ya barabara, bila yeye kujua. Fupi humlazimu mpiga picha kusogea, kutoa salamu ya wenyeji, mwangaluka, kuomba ruhusa na kusubiri jibu. Kijana mwenye gunia begani hana mkono wa kujifunika uso.

Kabla ya kulipia begi, lijaze dukani kila unachokusudia kusafiri nacho na ulivae. Ukilileta Kagongwa, tembea nalo kutoka stendi hadi kwenye mashine za mpunga, juani, bila kumpa mtu akushikie. Ukifika umechoka hata huwezi kuwasalimia waliopo, punguza lenzi.