Nyuso Zilizosubiri Kuitwa

Kadi ya besiboli ni kipande cha karatasi ngumu kinachotoshea kiganjani, chenye picha ya mchezaji upande mmoja na, upande wa pili, maelezo mafupi ya kimo chake, uzito wake, mahali alipozaliwa na mkono anaotumia kurusha mpira. Na kwa kuwa mchezo wenyewe haujaenea sana miongoni mwa wasemaji wa Kiswahili, yafaa ielezwe mapema kwamba nchini Marekani vipande hivi vimekusanywa, vikabadilishanwa na watoto na kurithishwa kwa zaidi ya karne moja. Kadi zinazovuma ni za Ligi Kuu, yaani ngazi ya juu kabisa yenye klabu 30. Makala haya yanahusu kadi za namna nyingine, zile za ligi ndogo, ambazo kisanduku chake cha zamani kinapofunguliwa humtia mtazamaji huzuni iliyochanganyika na heshima, hisia ambayo kadi za mashujaa haziiamshi.

Ligi ndogo ni ngazi kadhaa zilizopangwa chini ya Ligi Kuu, ambamo vijana waliosajiliwa na klabu kubwa hupelekwa kukua, wakicheza katika miji ya kawaida na kusafiri kwa basi usiku kucha, huku wakisubiri kuitwa juu. Utaratibu wa klabu kubwa kuwa na timu zake za kukuzia vijana ulijengwa hasa na Branch Rickey alipokuwa akiiongoza klabu ya St. Louis Cardinals katika miaka ya 1920, na Wamarekani wakazoea kuuita shamba. Kiswahili kina neno linaloukaribia ukweli zaidi, nalo ni kitalu, kwa maana kitaluni miche husongamana bega kwa bega, na mwenye kuitunza hajui bado ni upi utakaohamishiwa shambani na ni upi utakaong'olewa. Tangu mwaka 2021, mfumo huo ulipopangwa upya, timu za kitalu zimebaki 120, nne kwa kila klabu kubwa; kabla ya hapo zilikuwa takriban 160.

Ndani ya kisanduku cha miaka ya 1970 au 1980, kadi za timu moja huwa zimefungwa pamoja, mara nyingi kwa utepe wa mpira uliokauka na kuacha alama kwenye kingo, na hesabu yake hukaribia wachezaji wote wa msimu mmoja pamoja na kocha, mtabibu wa timu, na wakati mwingine hata kijana aliyekuwa akiokota magongo. Kampuni ya TCMA, iliyoanza kuchapa seti za aina hiyo mapema katika miaka ya 1970, haikuwa na njia ya kujua nani kati ya hao atasifika, na kwa hiyo iliwapa wote karatasi ileile na nafasi ileile. Hapa ndipo ulipo uzito wa jambo zima. Kadi ya Ligi Kuu huchapwa baada ya mtu kuchaguliwa, ilhali kadi ya ligi ndogo huchapwa kabla ya hukumu, na anayeishika leo anajua kilichotokea baadaye, jambo ambalo kijana anayetabasamu pichani hakulijua.

Kadi za wachezaji wa ngazi za chini ni za kale kuliko wengi wanavyodhani. Katika mfululizo maarufu wa kadi zilizotiwa ndani ya paketi za sigara kati ya 1909 na 1911, unaoitwa na wakusanyaji T206, mna picha zaidi ya 500, na zaidi ya 100 kati yake ni za watu wa ligi ndogo. Huko California, kampuni ya peremende ya Collins-McCarthy ya San Francisco ilitoa kadi za Zee-Nut kuanzia 1911 hadi 1938, zikiwa na wachezaji wa ligi ya Pwani ya Pasifiki, na miongoni mwao Joe DiMaggio, ambaye mwaka 1933, akiwa bado kijana katika timu ya San Francisco Seals, alifaulu kupiga mpira na kufika salama kituoni, yaani kwenye mojawapo ya alama ambazo mpigaji huzikimbilia, katika michezo 61 mfululizo. Kadi hizo kwa miaka mingi zilikuwa na kuponi chini yake, yaani kijisehemu cha kukatwa na kurudishwa ili mtoto apewe zawadi. Watoto walizikata, kama ilivyokusudiwa, na ndiyo maana leo kadi yenye kuponi nzima ni adimu na ghali. Soko linamlipa yule ambaye kadi yake haikupata mtoto wa kuifurahia.

Hakuna kadi ya ligi ndogo inayosema mengi kama ile ya Jimmy Claxton ya mwaka 1916. Claxton, mrushaji mpira aliyezaliwa British Columbia nchini Kanada mwaka 1892, alikuwa na damu ya Kiafrika pamoja na damu nyingine, na wakati huo besiboli rasmi ya Marekani ilikuwa imewafungia mlango watu weusi bila sheria yoyote iliyoandikwa, kwa makubaliano tu ya wenye timu. Aliingia katika timu ya Oakland Oaks kwa kutambulishwa kuwa Mhindi Mwekundu, kama wenyeji wa asili wa Marekani walivyoitwa, akacheza Mei 28, 1916, katika michezo miwili ya siku moja, na baada ya siku chache akaachwa. Katika siku hizo chache mpiga picha wa Zee-Nut alifika uwanjani, akampiga picha pamoja na wenzake, na kadi ikachapwa. Hivyo ndivyo mtu aliyefukuzwa karibu mara tu alipoingia alivyokuja kutambuliwa kuwa mtu mweusi wa kwanza kuonekana katika kadi ya besiboli ya Marekani, miaka 31 kabla ya Jackie Robinson, mchezaji mweusi aliyeuvunja ubaguzi huo, kuingia Ligi Kuu mwaka 1947. Waliomtoa waliweza kulifuta jina lake katika orodha ya timu. Kadi ilikuwa imekwisha kwenda mikononi mwa watoto, na kutoka huko haikuweza kuitwa irudi.

Dhidi ya ushahidi wa namna hii, vipimo vya soko vinaonekana vyembamba sana. Siku hizi kadi hupelekwa kwa kampuni za upimaji, zinazokagua pembe, kingo na uso wake, kisha kuipa alama kati ya 1 na 10 na kuifungia ndani ya plastiki ngumu, na tofauti ya alama moja huweza kuzidisha bei mara nyingi. Kadi ya Honus Wagner, nyota wa Ligi Kuu, kutoka mfululizo uleule wa T206 iliuzwa mwaka 2022 kwa dola milioni 7.25, ilhali majirani zake wa ligi ndogo walitoka katika paketi zilezile za sigara na hawatajwi. Si kosa kuuza wala kununua. Kila mwenye mali ana haki ya kuijua thamani yake. Kosa huanza pale bei ya karatasi inapogeuzwa kuwa kipimo cha mtu aliyechapwa juu yake, na mkono unaofungua kisanduku ukapita haraka juu ya nyuso ishirini na nne kwa sababu unaitafuta ile ya ishirini na tano.

Na nyuso hizo zilikuwa kazini. Malipo ya ligi ndogo kwa miongo mingi yalikuwa duni kiasi kwamba wachezaji walifanya vibarua msimu ulipokwisha. Kesi iliyofunguliwa kuhusu ujira huo ilimalizwa mwaka 2022 kwa makubaliano ya dola milioni 185, na mwaka huohuo wachezaji wakajiunga na chama cha wafanyakazi cha wenzao wa Ligi Kuu. Methali ya mvumilivu hula mbivu haipaswi kutajwa kwa wepesi mbele yao. Wapo walioila kweli, kama Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, aliyesajiliwa mwaka 2008 na kukaa kitaluni hadi Aprili 26, 2017, alipokuwa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza Ligi Kuu. Lakini waliovumilia vilevile na wasiitwe ni wengi zaidi, na uvumilivu wao haukuwa mdogo kuliko wake.

Seti mbili za TCMA za mwaka 1981, moja ya Pawtucket Red Sox na nyingine ya Rochester Red Wings, zinalithibitisha hilo kuliko hoja yoyote. Timu hizo zilikutana katika uwanja wa McCoy, mjini Pawtucket, jioni ya Aprili 18, mkesha wa Pasaka, usiku wa baridi na upepo. Mchezo wa kawaida una raundi tisa, raundi ikiwa ni zamu ya kila timu kupiga. Ikiwa pointi ni sawa, raundi huongezwa mpaka timu moja ishinde. Usiku ule hakuna aliyeshinda. Mchezo ulisimamishwa saa kumi na dakika saba alfajiri, baada ya raundi 32, pointi zikiwa 2 kwa 2, na watazamaji waliosalia walikuwa 19. Uliendelea Juni 23, wakati wachezaji wa Ligi Kuu walipokuwa katika mgomo na waandishi wa habari hawakuwa na mchezo mwingine mkubwa wa kuuandika, na raundi ya 33 ikaumaliza kwa dakika 18. Hadi leo ndio mchezo mrefu kuliko yote katika besiboli ya kulipwa.

Katika seti ya Rochester yumo Cal Ripken, ambaye baadaye alicheza michezo 2,632 bila kukosa hata mmoja. Katika seti ya Pawtucket yumo Wade Boggs, aliyeisawazishia timu yake pointi katika raundi ya 21. Wote wawili wamewekwa katika jumba la mashujaa wa besiboli lililoko mjini Cooperstown, na kadi zao za mwaka huo ndizo zinazotafutwa. Dallas Williams wa Rochester alisimama na gongo mara 13 zilizohesabiwa katika mchezo ule, na hakupata hata mpigo mmoja wa kumfikisha kituoni. Naye aliyeupiga mpira uliomaliza mchezo, akamwezesha Marty Barrett kukimbia hadi kituo cha nyumbani na kuipa Pawtucket pointi ya tatu, alikuwa Dave Koza, ambaye hakuitwa Ligi Kuu hata kwa siku moja. Kadi yake imo katika seti hiyohiyo, kwa ukubwa uleule na karatasi ileile kama ya Boggs, na kisanduku kinapofunguliwa huwa pale, katikati ya wenzake, mahali alipowekwa mwaka 1981.