Mahathir na sikio la mtawala

Wapo miongoni mwetu ambao likitajwa jina la Dk. Mahathir Mohamad hawataki kusikia ila sifa. Hapana ubaya. Mtu aliyeiongoza Malaysia miaka 22, tangu 1981 hadi 2003, na akakataa masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) wakati jirani zake wakiyapokea, anastahili kusifiwa. Lakini tujiulize, ni kipi hasa kilichomfanikisha? Barazani jibu ni moja: msimamo mkali. Mimi sikubali.

Julai 1997 sarafu ya Thailand iliporomoka na moto ukavuka mpaka. Dola moja, iliyokuwa ikinunuliwa kwa ringgit 2.50 hivi, Januari 1998 ilikaribia ringgit 4.90. Mwanzoni Waziri Mkuu alifanya wafanyavyo watawala wengi: alilaumu. Aliwashambulia walanguzi wa sarafu, akamtaja George Soros kwa jina. Msimamo ulikuwepo tele, na ringgit iliendelea kushuka.

Kilichogeuza mambo ni kwamba alikubali kufundishwa. Alimwita Nor Mohamed Yakcop, mtu aliyeondoka Benki Kuu baada ya benki hiyo kupata hasara kubwa katika biashara ya sarafu. Daktari wa tiba, mwenye miaka zaidi ya 70 na madaraka yote mkononi, akakaa kama mwanafunzi aelezwe fedha za nchi yake zinauzwaje huko nje. Ndipo mwanzoni mwa Septemba 1998 serikali ikadhibiti utokaji wa mitaji na kuifunga dola kwenye ringgit 3.80. Mwaka 1999 uchumi ulikua kwa kama asilimia sita.

Naam, tusidanganyane. Korea Kusini na Thailand, zilizomeza dawa ya IMF, nazo ziliinuka mwaka huo huo. Ila Mahathir alichagua dawa aliyoielewa. Ni viongozi wangapi husaini wasichokielewa?

Sasa upande wa pili, ambao wapenzi wake huupita haraka. Septemba 2, siku moja tu baada ya hatua hizo kutangazwa, alimfukuza naibu wake na Waziri wa Fedha, Anwar Ibrahim, ambaye walikuwa wakitofautiana juu ya tiba ya uchumi. Serikali ilitoa sababu nyingine. Anwar alikamatwa, akapigwa kizuizini na mkuu wa polisi mwenyewe, na hakutoka jela hadi 2004.

Mshauri uliyemwita mwenyewe ni rahisi kumsikiliza. Hana wafuasi, na ukimchoka unamuaga. Mtihani ni yule anayekupinga naye ana watu nyuma yake. Shura ya kuwauliza wasioweza kukuudhi ni shura gani?

Mwaka 2018, akiwa na miaka 92, Mahathir alimhitaji Anwar yule yule, aliyekuwa tena gerezani, ili kukishinda chama chake cha zamani. Walishinda, Anwar akasamehewa na Mfalme, na ahadi ilikuwa kumwachia kiti. Mahathir alijiuzulu Februari 2020 bila kumwachia. Anwar alikipata Novemba 2022 baada ya uchaguzi mkuu, na katika uchaguzi huo Mahathir alishindwa hata jimboni kwake Langkawi.