Mkataba una pande mbili, lawama ina upande mmoja

Ligi Kuu ikishamalizika, pale Kariakoo unaanza msimu mwingine ambao hauna refa. Unaitwa usajili. Kutoka makao makuu ya Simba Mtaa wa Msimbazi hadi ya Yanga kule Jangwani si mbali, na njia nzima watu wanabishana: nani anakuja, nani anaongezewa mkataba, nani anapewa “Thank You”. Neno hilo la Kiingereza tumeshalifanya letu. Klabu inaweka picha ya mchezaji mtandaoni, inamshukuru kwa mistari miwili, habari yake imekwisha. Zamani magazeti yaliandika “ametemwa”. Thank You ni laini zaidi masikioni, lakini aliyetemwa bado ametemwa.

Swali langu ni hili: kwa nini klabu ikimwacha mchezaji tunaita biashara, na mchezaji akiiacha klabu tunaita usaliti?

Mchukue Clatous Chama. Kiungo huyu Mzambia alifika Simba mwaka 2018. Mwaka 2021 Simba ikamuuza RS Berkane ya Morocco. Mashabiki walihuzunika, ila sikusikia mtu akisema Simba imemsaliti Chama. Hela imeingia, maisha yanaendelea. Januari 2022 akarudi. Kisha, katikati ya 2024, mkataba wake ukaisha akasaini Yanga. Hapo ndipo neno “msaliti” likatoka kabatini. Hakuvunja mkataba. Aliumaliza, akavuka mitaa kadhaa kwenda kwa jirani. Katika dirisha hilo hilo Simba iliachana na John Bocco, nahodha aliyekuwa nayo tangu 2017. Huyo alipewa shukrani, na sisi tukageuza ukurasa.

Wananchi msicheke sana. Mwishoni mwa 2022 Feisal Salum, Fei Toto, aliweka shilingi milioni 112 mezani akitaka kuondoka Yanga. Kamati ya TFF ikaamua kuwa bado ni mchezaji wa Yanga. Mtaani kesi ilikuwa imeshahukumiwa: kijana hana shukrani, amerubuniwa, klabu imemtoa mbali. Maneno ya “ugali na sukari” yaliyotoka kwa familia yake yakageuka mzaha wa mji mzima. Juni 2023 Rais Samia Suluhu Hassan akawaomba viongozi wa Yanga walimalize jambo lile, na siku chache baadaye Fei akauzwa Azam. Chama naye, msimu mmoja tu baada ya kushangiliwa Jangwani, alikuwa Singida Black Stars. Sijasikia shabiki wa Yanga akiuliza klabu ilimkosea nini.

Najua mtakachosema. Kwanza, mkataba ni mkataba. Kweli. Mtu aliyesaini miaka mitatu hawezi kuamka asubuhi ya mwaka wa pili akaaga kama anatoka kwenye harusi. Tofauti kati ya Chama aliyemaliza mkataba na Fei aliyetaka kuukatisha ni kubwa, na sheria ina haki ya kuiona. Lakini angalia: sisi mtaani hatukuiona. Wote wawili tuliwapa jina moja. Kwa hiyo kilichotuuma hakikuwa karatasi. Kilichotuuma ni kwamba mtu tuliyemhesabu kuwa wetu alijihesabu kuwa wake mwenyewe.

Pili, mtasema klabu ni kubwa kuliko mtu. Hili nalikubali nusu. Yanga ipo tangu 1935, Simba tangu 1936, na wote tuliopo leo tutaziacha. Kiongozi anayejenga kikosi hawezi kumbakiza kila aliyewahi kutufurahisha. Nafasi za wachezaji wa kigeni zina kikomo, fedha zina kikomo, na shabiki huyu huyu anayelia juu ya nahodha wake mzee ndiye wa kwanza kupiga kelele timu ikitolewa mapema Afrika. Kumwacha mchezaji si dhambi. Anayeshindwa kabisa kufanya hivyo hajengi timu, anaendesha chama cha kumbukumbu.

Ila ukubwa wa klabu ndio unaofanya hoja hiyo igeuke. Klabu ina miaka tisini, mchezaji ana kumi, pengine kumi na miwili akijaliwa magoti mazima. Klabu ikikosea usajili itasajili tena dirisha lijalo. Mchezaji akikosea klabu, hiyo ni robo ya maisha yake ya kazi. Sasa kati ya hao wawili, nani anastahili kudaiwa uvumilivu zaidi? Tunamdai yule mwenye muda mfupi.

Mwaka 1785 mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant alitenganisha vyenye bei na vyenye hadhi. Chenye bei unaweza kuweka kingine mahali pake, chenye hadhi hakina mbadala. Kwa Kiswahili chetu: kuna kitu, na kuna mtu. Uongozi unapopanga kikosi unashughulika na nafasi, na nafasi ina bei. Mshambuliaji anaweza kupatikana mwingine, Bocco mwingine hapatikani. Ni sawa kabisa kutafuta mshambuliaji mwingine. Kosa linaanza tunaposahau kwamba tulikuwa na vyote viwili.

Kwenye kikapu usahaulifu huu unaonekana wazi zaidi. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies mwaka 2009. Mfumo wa NBA haumuulizi kijana anataka kwenda wapi. Timu ndiyo inachagua. Februari 2011 Memphis ikamtoa kwa Houston katika mabadilishano, baadaye akapita Portland na Oklahoma City. Hadi leo watu wanampima kwa waliochaguliwa nyuma yake, James Harden wa tatu na Stephen Curry wa saba, utadhani alijichagua mwenyewe. Kama hesabu ilikosewa, waliopiga hesabu ni viongozi. Deni likaandikwa jina la kijana.

Na sisi watu wa Kariakoo tungepaswa kulijua hili mapema. Jina la mtaa wetu limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita ya Kwanza ya Dunia, watu waliothaminiwa kwa mzigo ambao mgongo wao ungeweza kubeba. Mchezaji wa leo si mpagazi, analipwa na anasaini. Lakini tabia ya kumtazama mtu na kuona mzigo tu ni ya zamani.

Siombi mashabiki waache kuumia. Anayependa ataumia, ndiyo ushabiki wenyewe. Naomba kipimo kimoja. Kama Thank You ya klabu kwa mchezaji ni neno la heshima, basi Thank You ya mchezaji kwa klabu, mkataba ukiisha, nayo ni heshima. Na kama kuondoka ni usaliti, basi tuwe na ujasiri wa kuiandika hiyo chini ya kila picha ambayo klabu inaweka mtandaoni mwezi wa sita.