Haki ya Mtoto Aliyemo Tumboni

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Enyi ndugu Waislamu! Wako wanaume wa pwani wanaopanda na mizigo mpaka Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, katika mkoa wa Songwe uliotengwa na Mbeya mwaka 2016. Huko magari hupanga safu yakingoja kuvuka, na mtu huwa mbali na mkewe. Baadhi yao hughilibiwa na shetani, wakarudi nyumbani na zawadi za dhahiri na maradhi ya siri, nayo ni kaswende.

Maradhi haya hutoka kwa mume yakamfika mke, na kwa mama yakamfika mtoto kabla ya kuzaliwa. Katika uchunguzi wa Mwanza uliotangazwa mwaka 2002, wanawake waliokuwa na kaswende kali bila ya kutibiwa, kiasi cha mmoja katika kila wanne alizaa mtoto maiti. Na wasiokuwa nayo, kiasi cha mmoja katika mia. Na kujikinga si kuzito: tone la damu ya kidole hutoa jawabu kabla ya kwisha nusu saa, na sindano ya penisilini, ikiwahi, humtibu mama na mtoto pamoja.

Tazameni sharia inavyomhifadhi huyu asiyeonekana. Mtu akifa na mkewe ni mja mzito, fungu la mimba huwekwa. Mwenye mimba akihukumiwa kuuawa, hungojwa mpaka azae. Na wanavyuoni wa Kishafii wamesema: mama akifa na mtoto yu hai tumboni, akitarajiwa kuishi, hupasuliwa atolewe. Ikiwa tumbo la maiti hupasuliwa kwa ajili yake, vipi baba amwache aangamie kwa kuonea haya tone la damu?

Basi na aende mume pamoja na mkewe kliniki, mimba ingali changa, wapimwe wote wawili. Akitibiwa mke peke yake, mume atamrudishia. Na ikionekana alama ya kaswende katika damu ya mke, mume asikimbilie kumtuhumu zina: huenda ni yeye aliyemletea, tena alama hiyo huweza kubaki hata baada ya kupoa. Kipimo si mashahidi wanne, na kumsingizia mwanamke mwenye kujihifadhi ni katika madhambi makubwa.

Mlango wa toba u wazi kwa aliyekosa. Lakini hajatubia kweli aliyeyaacha madhara yake mwilini mwa mkewe na mwanawe, na hali aweza kuyaondoa.

Mwenyezi Mungu awaongoe waja wake. Amin.